Sumu ya samaki, vitamini B1, au kuacha chini ya daktari: kipi kinaulinda ubongo wa mnywaji leo?

Kijana mmoja anayebeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba alikuja dirishani kwangu asubuhi, akanipa simu yake nisome. "Shikamoo mama. Wanasema sumu ya samaki inazuia pombe isiharibu ubongo. Sasa si gogogo wa ziwa letu naye ana sumu? Mtu akimkausha, akamsaga, akaweka kwenye uji?"

Nilimwitikia, nikamsogezea benchi akae. Swali lake ni zuri. Nauza kwenye duka la dawa muhimu, mimi si daktari, lakini swali hilo hilo linanihusu kwa njia ya uchungu, maana kaka yangu mkubwa pombe ilimnyang'anya kumbukumbu. Kwa hiyo niliisoma habari ile kwa makini kuliko ninavyosoma habari nyingi za simuni, nikaiweka ubavuni mwa vitu viwili ambavyo tayari viko Mwanza.

Samaki wa Brazili

Samaki anayezungumzwa si wa ziwa letu. Kwao Brazili wanamwita niquim, na jina lake la kisayansi ni Thalassophryne nattereri. Anaishi pwani ya kaskazini na kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, kwenye kina kifupi, amejifukia mchangani na miiba yake imesimama. Mvuvi akimkanyaga anapata maumivu makali mno, mguu unavimba, na nyama ya pale alipochomwa inaweza kufa. Wanasayansi wa Taasisi ya Butantan ya São Paulo, iliyoanzishwa mwaka 1901 na inayojulikana kwa chanjo na dawa za kuumwa na nyoka, wamemchunguza samaki huyu kwa miaka mingi, wakiwemo Mônica Lopes-Ferreira na Carla Lima.

Ndani ya sumu hiyo hiyo inayouwasha mwili moto walikuta kitu kinachofanya kinyume chake. Ni kipande kifupi cha protini, yaani peptidi, chenye amino asidi 13 tu, nacho kinatuliza uvimbe wa ndani ya mwili. Wakakiita TnP. Kwa kuwa ni kifupi hivyo, kinaundwa maabara kuanzia mwanzo, bila kumkamua samaki yeyote. Mwaka 2017 walichapisha matokeo ya panya waliotiwa ugonjwa unaofanana na ule wa binadamu ambao kinga ya mwili inashambulia ala ya mishipa ya fahamu: waliopewa TnP dalili zao zilichelewa na zilikuwa nafuu. Wameipima pia kwa samaki pundamilia, samaki mdogo wa maabara ambaye akiwa bado kiluwiluwi mwili wake unaonekana hadi ndani, mtafiti akaona seli zikifanya kazi bila kumpasua.

Kwa nini pombe inahusika? Kwa sababu moja ya njia ambazo pombe inaumiza ubongo ni moto wa aina hiyo hiyo. Seli za ulinzi zilizomo ubongoni zikichokozwa na pombe kila siku haziachi kupiga kelele, na mwisho zinaumiza seli za jirani ambazo ziliwekwa kuzilinda. Dawa inayotuliza uvimbe bila kuizima kinga yote ingekuwa na kazi kubwa hapo. Ndiyo maana wazo hili nalichukulia kwa uzito, wala simcheki anayelitumaini.

Na si mara ya kwanza sumu kuzaa dawa. Vidonge vya kaptopri ambavyo wazee wetu wengi wamevimeza kwa ajili ya presha vina asili yake kwenye sumu ya nyoka jararaca, wa Brazili hiyo hiyo. Sérgio Ferreira alieleza kitu alichokikuta kwenye sumu ya nyoka huyo mwaka 1965, na kidonge kikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Hesabu mwenyewe: miaka 16, na kidonge chenyewe hakina hata tone la sumu. TnP bado iko upande wa panya na viluwiluwi. Haijaidhinishwa kumtibu mtu, wala hakuna duka linaloweza kukuuzia. Mtu akikuletea chupa akakwambia ndiyo hiyo, mfukuze.

Gogogo nalimaliza haraka. Ni kweli ana sumu. Mwaka 2009 mtafiti Jeremy Wright wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kuwa samaki wa ukoo wa kambare wenye tezi za sumu kwenye miiba hawapungui spishi 1,250, na jamii ya gogogo imo. Kila aliyewahi kutoa samaki kwenye nyavu hapa anaujua mwiba ule bila kuambiwa na Michigan. Lakini sumu hiyo ni protini. Ndiyo maana aliyechomwa anaambiwa atumbukize mkono kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika: joto linaivunja. Uji unaochemka unaivunja vilevile, na kinachobaki kinamalizwa na tumbo. Na gogogo si niquim. Hakuna aliyeonyesha kuwa mwiba wake una TnP. Mle nyama, miiba tupa.

Vitamini B1

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tulipoteleza nyumbani kwetu.

Kaka alivua dagaa miaka 18 akiwa kwenye kambi moja upande wa Sengerema. Wanaoijua kazi hiyo wanajua: usiku wa giza mnatoka na taa, mchana mnaanika na kulala, na mbalamwezi ikija dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inatia nanga, na pesa ya msimu inaanza kuzunguka kambini. Gongo ilikuwa karibu kuliko maji ya kunywa. Mwanzoni alikunywa siku za mwezi tu. Baadaye akawa anakunywa na giza pia, na chakula kikapungua, kwa maana mnywaji wa namna hiyo anashiba kwa chupa.

Mwili wa mtu unaweka akiba ndogo sana ya vitamini B1, takriban miligramu 30, ambayo isipoongezwa inaisha ndani ya wiki mbili tatu. Ubongo unaihitaji B1 ili kugeuza sukari kuwa nguvu. Pombe inaipiga B1 kutoka pande zote: mnywaji hali, utumbo wake haufyonzi vizuri, ini lake haliwezi tena kuitunza, na hata hiyo kidogo iliyopo mwili unashindwa kuitumia sawasawa, hasa madini ya magnesi yakiwa yamepungua. Ubongo unakufa njaa mwenye ubongo akiwa ametulia hapo kwenye mkeka.

Dalili tulizoziona ni zile zile ambazo daktari Carl Wernicke wa Ujerumani alizieleza mwaka 1881: kuchanganyikiwa, macho kutotulia, na miguu kukosa mizani. Kaka alikuwa anatembea nchi kavu kama mtu aliyesimama kwenye mtumbwi wakati wa mawimbi. Alimuulizia mama, na mama tulishamzika. Kambini wakasema amelewa. Tukampeleka kituo kimoja cha afya, nacho kikasema amelewa. Wakamtundikia dripu ya sukari, wakaturudisha nyumbani.

Siku hizo sikuyajua ninayoyajua sasa. Mtu ambaye B1 imemwishia akimiminiwa sukari peke yake, mwili unatumia haraka kile kidogo kilichobaki ili kuichoma sukari hiyo, na ubongo unaweza kuzidi kuharibika. Kama sukari yake imeshuka ni lazima apewe, hilo halina mjadala, lakini B1 iende pamoja nayo au iitangulie. Neno moja tu la kumkumbusha mhudumu lingetosha: "Ni mnywaji wa muda mrefu, hajala siku nyingi, tunaomba apewe B1." Ukiwa na ndugu wa aina hiyo, liweke neno hili kichwani.

Siku mbili baadaye tulimvusha kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, tukasubiri kivuko huku kaka akiongea na watu wasiokuwepo. Pale alichomwa B1 ya mshipa, kwa wingi, mara kadhaa kwa siku. Macho yalitulia ndani ya siku chache. Miguu ilichukua miezi. Kumbukumbu haikurudi yote. Leo ukimkuta atakueleza kwa furaha sangara mkubwa aliyemvua jana usiku, na jana usiku nilikuwa nimekaa naye tunakula wali. Hasemi uongo. Ubongo wake unaziba mapengo kwa chochote kilicho karibu, na hilo nalo lina jina tangu mwaka 1887, la daktari Sergei Korsakoff wa Urusi.

Kwa hiyo ninapoilinganisha B1 na TnP, silinganishi dawa ndogo na dawa kubwa. B1 imeshajulikana kwa binadamu, ni ya bei ndogo, na ipo. Udhaifu wake ni wa aina nyingine. Kwanza, kidonge na sindano si kitu kimoja: utumbo uliochoshwa na pombe unafyonza kidogo sana kutoka kwenye kidonge, hivyo kidonge kinafaa kwa kinga, na aliyekwisha kuchanganyikiwa anahitaji ya mshipa hospitalini, siku hiyo hiyo. Ile sindano nyekundu ya vitamini B mseto ambayo watu wanaipenda ina B1 ndani, ingawa wekundu ule ni wa B12. Usiichukulie kuwa imemaliza kazi kwa mtu mwenye dalili nilizozitaja. Pili, B1 inafunga mlango mmoja tu. Haizuii uvimbe, haizuii sumu ambayo pombe inageuka kuwa ikifika kwenye ini, haizuii mtu kuanguka na kupigiza kichwa kwenye jiwe. Wapo wanaonunua vidonge ili waendelee kunywa kwa amani. Nawauzia vidonge, amani hiyo siwezi kuwauzia.

Kwenye chakula, B1 iko zaidi kwenye kiini na ganda la nafaka, kwa hiyo dona inaizidi sembe kwa mbali. Maharage na karanga nazo zinayo. Samaki wapikwe vizuri, maana baadhi ya samaki wa maji baridi wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoivunja B1. Moto unakiua.

Kuacha, na namna ya kuacha

Hiki ndicho kitu pekee kati ya vitatu kinachofunga milango yote kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama. Na habari njema, ambayo nashangaa haisambai kama ile ya samaki, ni kwamba ubongo uliosinyaa kwa pombe unaweza kurudisha sehemu ya ujazo wake mtu akiacha, ndani ya wiki na miezi. Hakuna peptidi iliyokwisha kufanya hivyo kwa binadamu.

Hatari iko kwenye namna ya kuacha. Mnywaji wa kila siku akiacha ghafla, mikono inaanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, jasho linamtoka, usingizi unampaa. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanaingia kwenye hali ya kuweweseka: wanaona wadudu ukutani, joto linapanda, moyo unakimbia. Watu wanakufa hapo. Kambini wanaita kurogwa, wanamfunga kamba. Ndugu zangu, huyo si wa kufungwa, ni wa kukimbizwa hospitali.

Kwa hiyo kuna kuacha nyumbani na kuna kuacha hospitalini, na tofauti yake ni kubwa. Anayekunywa chupa chache mwisho wa wiki na hatetemeki anaweza kuacha akiwa kwake, na mtu wa kumtazama. Anayetetemeka asubuhi mpaka apate ya kwanza, aliyewahi kupata degedege, aliyekonda, mwenye manjano machoni, asiachie kambini. Bugando wana idara ya afya ya akili, na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure iko pale mjini. Daktari atampa dawa za kumtuliza kwa kupunguza kidogo kidogo, pamoja na B1. Dawa hizo za kutuliza ni za kuandikiwa. Usiziombe dirishani, na akikupa mtu dirishani usizichukue, kwa sababu zikikutana na gongo mtu anaweza kulala asiamke.

Baada ya wiki ya kwanza zipo dawa za kusaidia asirudi. Naltreksoni inapunguza hamu na utamu wa pombe. Haichanganywi na tramadoli, ile dawa ya maumivu makali, wala dawa nyingine za jamii hiyo. Akamprosati ni ya yule aliyekwisha kuacha, mwenye figo nzima. Zote mbili Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Ya tatu ni ya zamani, disalfiramu, iliyogunduliwa kwa kazi hiyo Denmark miaka ya 1940: anayeimeza kisha akanywa pombe anageuka mwekundu, anatapika, moyo unamkimbia. Inafanya kazi kwa anayeitaka mwenyewe. Nimeombwa na wake za watu mara zaidi ya moja niwape ya kuweka kwenye chai kwa siri. Nawaelewa, nimelia kilio chao, lakini dawa hiyo kwa mtu asiyejua ameimeza inaweza kumuua mezani.

Ukiviweka ubavu kwa ubavu

Ningekuwa naulizwa kipi kina ahadi kubwa zaidi kwa miaka ijayo, ningesema TnP isikosekane kwenye orodha. Inakwenda mahali ambapo B1 haifiki. Lakini hata siku ikiwa kidonge, itakuta kazi ya B1 bado ipo, kwa sababu kutuliza moto hakumlishi mwenye njaa. Na itamkuta anayeendelea kunywa akiendelea kumwaga petroli.

Ningekuwa naulizwa nianze na nini leo, jibu linategemea aliyekaa mbele yangu. Kijana anayekunywa lakini mwili wake bado mzima: aache, ale dona na maharage, na fedha ya kutafuta dawa za mitandaoni aiweke. Anayetetemeka asubuhi: hospitali kwanza, kuacha kutafuata huko huko. Aliyeanza kuyumba akiwa hajanywa, macho yanacheza, maneno hayashikani: huyo hana muda wa kulinganisha chochote, apelekwe usiku huo huo na B1 itajwe mlangoni. Daraja sasa lipo, tangu Juni 2025, na upande wa Sengerema hamsubiri tena kivuko kama tulivyosubiri sisi.

Nilipomaliza kumweleza yule kijana alinyamaza kidogo, akasema hakuwa anajiulizia yeye. Ni mjomba wake, mvuvi, anatetemeka mpaka anashindwa kushika kikombe. Amekubali kuacha, ila tajiri wa mtumbwi hampi ruhusa wakati wa giza, na akiondoka nafasi yake inachukuliwa.

Tukahesabu pamoja. Siku za hatari za kuacha pombe ni tano, sita hivi. Mbalamwezi inawakalisha wavuvi wa dagaa nchi kavu karibu muda huo huo, na ndizo siku ambazo mjomba anakunywa zaidi. Mwezi una siku tisa leo. Nimempa karatasi niliyoandika "mnywaji wa kila siku, anatetemeka, apewe B1", na kesho jioni kijana anavuka kumfuata, kabla mitumbwi haijatia nanga na pesa haijagawanywa.